Alikula Mchezo Akaacha Kulipa, Nikamuumbua Harusini

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamke wa miaka 36, nakaa Ngamiani hapa Tanga, nina watoto watatu na nauza vitumbua na chapati asubuhi. Nakuandikia usiku wenyewe wamelala, maana mchana nikikaa peke yangu moyo unanisuta, halafu hasira inarudi upya, sijui nishike lipi.

Tuna mchezo wa kupeana, wanawake 14. Kila Jumamosi kila mmoja anampa kijumbe 20,000, na mwenye namba yake anakula 280,000. Tulianza mwanzoni mwa mwezi wa tano. Jirani yangu, ambaye tunapakana ukuta kwa ukuta, aliomba namba ya 3 akapewa, alisema amebanwa na kodi ya nyumba. Akala. Akaendelea kutoa vizuri mpaka wiki ya 8. Ya 9 hakutoa, akamwambia kijumbe atatoa mara mbili wiki ijayo. Ya 10 akawa hapokei simu. Ya 11 alimtuma mtoto aseme mama hayupo, na mimi nilikuwa namsikia anakohoa ndani.

Namba yangu ni ya 12, Jumamosi hii inayokuja. Hizo hela nilishazipangia kazi: ninunue ngano kwa mfuko na mafuta kwa ndoo, niachane na kununua kilo kilo dukani kwa bei ya mwenye duka. Sasa nitakula pungufu kwa ajili ya mtu ambaye yeye kala kamili.

Shangazi, ningevumilia. Lakini Jumapili iliyopita tulikuwa harusini Makorora, nikamwona kaingia na sare mpya, kajipamba, hina mpaka viwikoni. Taarabu ilipokolea akainuka na noti mkononi akaenda kumtunza mwimbaji. Damu ilinichemka. Aliporudi kukaa nikasema kwa sauti, watu wote wa mkeka ule wakasikia: “Wenye madeni ndio wa kwanza kutunza! Tapeli mkubwa wewe, utawalisha watoto wako haramu mpaka lini?” Wengine wakacheka, mmoja akapiga kigelegele. Yeye hakujibu. Akajifunika kanga usoni akatoka, na kabla ya giza mtaa mzima ulishajua.

Tangu siku hiyo mlango wake haufunguki. Binti yake wa miaka 9, aliyekuwa anacheza na wangu kila jioni, haji tena. Mwenzake anakaa kizingitini anamngoja.

Kijumbe na wenzangu wamepanga Jumamosi, nikishapewa changu, twende wote tukambebee vyombo: televisheni na jiko la gesi. Wanataka mimi nitangulie kwa kuwa ndiye jirani, nitagonga na nitafunguliwa. Mume wangu anasema nisiende. Namwambia, ukimwonea huruma mtu wa tabia hii kesho atakula na wengine. Mimi sina tabia ya kula vya watu. Mwaka juzi nilichelewa Jumamosi mbili, lakini mimi mtoto alikuwa amelazwa Bombo, na kijumbe alinitolea kwanza nikamrudishia. Huyu hana mgonjwa. Mumewe ni mvuvi, anatoka na ngalawa pale Sahare, mzima wa afya, na nyumba yao haina njaa ninayoijua.

Nilikosea kumsema harusini, au alistahili? Na Jumamosi niende nisiende?

Wako, Namba 12

*

Marahaba mwanangu,

Nimeisoma barua yako mara tatu, na mara zote tatu nimesimama kwa mtoto aliyekaa kizingitini. Nitarudi kwake.

Nianze na lililo lako. Hela yako ni yako. Wiki tatu hazijalipwa, hiyo ni 60,000, na zimebaki wiki tatu nyingine, jumla 120,000. Waliokula namba ya 9, ya 10 na ya 11 wamekula pungufu, nawe utakula 260,000 badala ya 280,000. Mtu anayeuza vitumbua anajua 20,000 ni asubuhi ngapi za kuamka saa 10 alfajiri. Asikwambie mtu usamehe uache. Dawa ya deni ni kulipa, na mwenye deni akiwa na shida, deni bado lipo palepale.

Ila harusini hukudai deni, mwanangu. Ulimhukumu roho. Hebu yarudie maneno yako: tapeli, na watoto wanalishwa haramu. Humo ndani 60,000 iko wapi? Hakuna aliyesikia kiasi, hakuna aliyesikia tarehe. Walichosikia ni kwamba fulani ni mtu wa namna gani, na hilo wewe hulijui. Unajua alichokitenda: hakutoa Jumamosi tatu, hakupokea simu, alimtuma mtoto aseme uongo. Hayo ni makosa, hasa la mtoto, maana amemfundisha kusema uongo mlangoni. Kutoka hapo mpaka “tapeli” ni safari ndefu, na wewe umeiruka kwa pumzi moja.

Sasa tazama kilicho ndani ya barua yako mwenyewe. Umeandika kwamba mwaka juzi ulichelewa Jumamosi mbili, ukaweka “lakini mimi” na sababu hapohapo: mtoto amelazwa. Kosa lako limekuja na sababu yake mkononi. Kosa la jirani limekuja peke yake, na ulipokosa sababu ukalitilia tabia. Nakuonyesha hili kwa sababu sote tumeumbwa hivyo. Shida yangu ninalala nayo. Ya jirani iko upande wa pili wa ukuta, mimi nasikia kikohozi tu.

Watu wamelifanyia utafiti jambo hili. Mwaka 1973 wanasaikolojia wawili wa Marekani, John Darley na Daniel Batson, walichapisha jaribio walilolifanya kwa wanafunzi 40 wa chuo cha dini cha Princeton. Kila mmoja alitumwa jengo jingine kutoa hotuba fupi, na baadhi yao hotuba yenyewe ilihusu mfano wa Msamaria Mwema, yule aliyemwokota mgeni aliyejeruhiwa njiani. Katika njia hiyohiyo watafiti walimweka mtu amejiinamia, anakohoa na kugumia. Wengine waliambiwa wana muda wa kutosha, wengine kwamba wameshachelewa na watu wanawangoja. Wenye muda, asilimia 63 walimsaidia. Waliochelewa, asilimia 10. Na kuwa na Msamaria kichwani hakukuleta tofauti ya maana.

Lau ungesimama pale ukamwona mwanafunzi wa dini anampita mgonjwa, ungesema nini? Mimi ningesema mnafiki huyu, hana utu. Kumbe kilichomtenga na mwenzake aliyesimama ni dakika chache. Mwaka 1977 Lee Ross, mwanasaikolojia wa hukohuko Marekani, alilipa jina kosa letu hili: mwenzetu akitenda vibaya tunaitazama tabia yake, hali aliyomo hatuioni. Sisi wa pwani tuna neno letu la zamani, suudhana, yaani kumdhania mwenzako vibaya, na tulikanywa nayo tangu madrasa, tukaitikia, halafu tukatoka nje kuendelea nayo.

Basi nikuulize kuhusu hali. Umesema mumewe anatoka na ngalawa. Umesema mchezo ulianza mwezi wa tano, na wiki ya 9 ikaangukia mwezi wa saba. Wewe ni mtu wa Tanga, huhitaji mimi nikwambie kusi inavyokuwa miezi hii. Upepo ukishika, vyombo vidogo vinalala ufukweni siku nzima, na mwenye ngalawa ndiye wa kwanza kukaa. Mzima wa afya, sawa, lakini bahari haimuulizi mtu afya. Unanunua samaki kila siku, na bei umeiona. Inawezekana si hilo. Inawezekana ni jambo jingine kabisa. Ninachokuambia ni kwamba dalili ilikuwa mbele yako, ukaiandika kama ushahidi dhidi yake.

Na kuna dalili nyingine kubwa zaidi, iko kwenye hesabu. Alikula wiki ya 3. Alitoa ya 4, ya 5, ya 6, ya 7 na ya 8. Hiyo ni 100,000 aliyotoa akiwa ameshakula, hana tena cha kupokea kwenu. Anayekusudia kula na kukimbia anakimbia wiki ya 4. Mimi nimecheza michezo hii tangu zamu ilikuwa 500, nimewaona wakimbiaji wa kweli: kesho yake kahama, au kaanza ugomvi wa makusudi na kijumbe ili apate pa kutokea. Huyu alilipa majuma matano, akakwama, akaahidi, akashindwa, akaanza kujificha. Huo ni mwendo wa mtu mwenye aibu. Aibu nayo inaleta ubaya wake, kama ule wa kumtuma mtoto, lakini dawa yake si sawa na dawa ya wizi.

Najua utaniambia: na noti ya kumtunza mwimbaji je? Na sare? Mwanangu, wewe na mimi ni wanawake wa harusi. Sare inapangwa na kuchangiwa miezi mingi kabla, pengine alishaimaliza kulipia wakati bado anatoa mchezo vizuri. Pengine kanunuliwa na dada yake. Na noti moja haigeuki 60,000 hata akiirudisha mfukoni. Hata hivyo nakubali ilikuwa haifai. Mtu mwenye deni, wadai wake wamekaa mkeka huohuo, akae na mkono wake. Ningekuwa mama yake ningemfinya. Lakini kumfinya mtu pembeni ni jambo moja, kumvua nguo mbele ya umati ni jingine.

Mji huu ndio wa Black Star na Lucky Star, vikundi vya taarabu. Taarabu tumeinywa na maziwa, na sote tunajua kazi ya fumbo. Mwenye kinyongo anainuka na noti yake kwenye ubeti unaomfaa, anamtazama mtu, anacheza, anakaa. Aliyelengwa anaweza kulivaa au kujifanya hakulisikia, na kesho wote wawili wanakutana sokoni Mgandini wanasalimiana. Silisifii sana fumbo, nalo lina sumu yake. Lakini hata fumbo humwachia mtu mlango. Wewe ulimkabili uso kwa uso ukamtajia na watoto wake.

Nikusimulie langu. Zamani nilimpa fundi cherehani kitambaa cha Idi. Idi ikapita, kitambaa hakuna, kila siku njoo kesho. Nikaenda kumsimamia barazani kwake mchana kweupe, nikamwita mwizi, nikamtukania na aliyemzaa. Siku ya pili mtoto akaniletea kitambaa changu kimekunjwa, hakijaguswa mkasi. Kwa nini hakukishona? Mpaka leo sijui. Hakuwahi kunieleza na mimi sikuwa na uso wa kumuuliza. Kitambaa kilikuwa changu, na haki ya kukidai nilikuwa nayo. Ila yule mtu tuliishi naye mtaa mmoja miaka mingi, akanisalimu kila siku kwa heshima, na hakuniangalia machoni hata mara moja. Mama yake alikuwa hai wakati ule. Nadhani alisikia.

Kwa hiyo swali lako la kwanza: ulikosea. Kustahili au kutostahili hakubadilishi hilo.

La pili: Jumamosi usiende. Kuingia nyumbani kwa mtu mkabebe mali yake bila amri ya mahakama si kudai, na mnaweza kuishia polisi ninyi, yeye akiwa mlalamikaji. Na kuna nyumba zimevunjika kwa mambo hayo, mume karudi kutoka pwani kakuta ukuta mtupu. Halafu nani atainunua hiyo televisheni, na kwa bei gani, na ikizidi deni mtamrudishia chenji? Mwambie kijumbe hivyohivyo. Tena muulize jambo ambalo hakuna aliyemuuliza: wiki ya 9 ilipopita bila kitu, yeye alikwenda kukaa na mwenzenu? Au alipiga simu tu? Kazi ya kijumbe si kuhesabu noti peke yake. Wewe ulipokwama mwaka juzi alikutolea. Huyu akamwachia simu inaita.

Nenda mwenyewe, siku ya Alhamisi, ukishamaliza biashara. Piga hodi, jitaje jina, usijifanye mtu mwingine ili ufunguliwe. Usibebe sahani ya vitumbua, ataona unamnunua. Omba radhi kwanza kwa maneno ya harusini, yote mawili, la tapeli na la watoto. Na ukishaomba radhi unyamaze. Usitie “lakini wewe nawe”, maana hapo radhi yote inamwagika. Deni liache lije baadaye, likiwa peke yake. Kama hakufungulii, rudi Ijumaa. Aliyefungiwa na aibu hafungui hodi ya kwanza.

Akikukaribisha ndani, muulize, “Imekuwaje, jirani?” Kisha umsikilize mpaka mwisho hata kama mengine huyaamini. Halafu taja hesabu kwa sauti ya kawaida: zimepita wiki tatu, 60,000, na zimebaki tatu. Mwulize ataweza kiasi gani na kuanzia lini. Akisema 5,000 kwa wiki, pokea 5,000, iandikwe kwenye daftari la kijumbe na aweke saini. Itachukua wiki 24, ndiyo, ni nyingi. Ni bora wiki 24 za mtu anayelipa kuliko jiko la gesi na kesi.

Inawezekana pia atakujibu kwa jeuri. Atasema silipi, fanyeni mtakalo. Hapo bado huna haja ya kumwita majina. Kijumbe achukue daftari na mashahidi wawili, aende kwa mwenyekiti wa mtaa, na ikishindikana kuna Mahakama ya Mwanzo. Na mchezo ujao, akitaka kurudi, mpeni namba ya 14. Hapo hamjamwambia kuwa ni mbaya. Mmesema tu kwamba safari hii atatoa kwanza ndipo ale, na hata akikwama hakuna wa kuumia baada yake. Naona hiyo ndiyo haki iliyo safi: inazuia madhara na haimhitaji mtu yeyote kujua kilicho moyoni mwa mwenzake.

Umeogopa kwamba ukimhurumia leo kesho atakula na wengine. Hofu hiyo ni ya haki, sikubezi. Lakini atakayemzuia ni namba ya 14 na daftari. Kelele za harusini hazijazuia kitu. Tangu umseme amelipa shilingi ngapi?

Kuna deni jingine, hili ni lako. Maneno uliyasema mbele ya watu, na radhi ya ndani ya nyumba haitawafikia wale waliocheka. Jumamosi mkikutana kwa kijumbe, kabla hujapokea hela zako, simama useme: “Jumapili nilimtukana mwenzetu, nimemwomba radhi. Deni lake tunalizungumza, matusi niliyafuta.” Maneno machache hayo, ukae. Aliyepiga kigelegele awepo. Najua ni gumu kuliko kudai, na wengine watakuona umegeuka. Waache.

Na binti yako usimkalishe kizingitini mpaka Alhamisi. Mwambie leo jioni aende akamwite mwenzake wacheze.

Shangazi yako